Mskoti Aliyening'oa Jino

Pengo hili la juu, upande wa kushoto, ni kazi ya Mwalimu. Watu wakiniuliza nasema niligongwa na mlango wa lifti, maana kazi yangu ni ufundi wa lifti na uongo huo unakaa vizuri. Ukweli ni kwamba nilipigwa ngumi na mzee wa miaka sabini na tisa, kwenye ngazi za jengo letu pale Rågsved, pembeni mwa Stockholm, saa nne asubuhi, yeye kavaa ndara na sweta la kufuma. Sikumrudishia. Kwanza nilishangaa, kisha nikaona damu kiganjani, kisha nikamsikia akinitukana kwa lugha ambayo mpaka leo nikikasirika sana naitumia mwenyewe, nikiwa peke yangu kwenye shimo la lifti.

Tulimwita Mwalimu tu. Kazaliwa kijiji gani, baba yake nani, sikumuuliza, naye hakuniuliza yangu. Nilijua kwamba ni Mskoti, kwamba aliwahi kufundisha shule moja ya ufundi kule kwetu Tanzania, Nyanda za Juu Kusini, akaoa muuguzi wa Kiswidi aliyekuwa akifanya kazi hukohuko, akamfuata Stockholm. Mke akafa, yeye akabaki. Kiswahili alikijua sawasawa, kile kizito cha Iringa, na alikisema kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Mlango wake ulitazamana na wangu kwa miaka kumi na saba.

Alikuwa mtu wa kupiga. Sisemi mkali kama tunavyomsifu mwalimu mkali. Nasema kupiga. Siku moja nilimkuta jikoni kwake anaiponda redio kwa nyundo, kwa sababu mtangazaji wa London alimcheka fundi bomba mmoja wa Glasgow namna anavyotamka. Aliiponda mpaka ikawa unga, akazoa, akatia kwenye mfuko, akaniuliza kama nitakunywa chai.

Tensta, kitongoji kingine cha Stockholm, ndiko alikotuaibisha. Jumamosi tulikuwa tunakutana ukumbi mmoja huko, Waswahili wa kila namna, Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi, kila mtu na chungu chake. Mama mmoja wa Bukavu alikuwa analalamika, "Batoto yangu banakataa ugali, banataka makaroni tu." Mimi nimekulia Lushoto, nimesoma Tanga, najiona mwenye Kiswahili. Nikamwambia, "Basi mama, hao batoto wapikie hayo bamakaroni." Watu wakacheka. Mwalimu alikuwa amekaa pembeni. Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akaipindua. Chai, sambusa, sukari, vyote chini. Akanikaba kola.

"Rudia," akasema. "Cheka tena kama ulivyocheka. Nataka kuona meno."

Yule mama ndiye aliyeniokoa. Alimshika bega, akasema, "Papa, mwachilie. Ni mujinga tu, hana ubaya." Nilichukia. Kuitwa mjinga na mtu ninayemrekebishia Kiswahili! Lakini kwenye treni ya kurudi Rågsved, mimi nimenuna na shati limelowa chai, Mwalimu akanionyesha viganja vyake. Akaniambia nitazame hapo kwenye maungio ya mkono. Kulikuwa na makovu membamba meupe.

Shuleni kwao, alisema, mtoto akisema Kiskoti darasani alichapwa. Si Kigaeli, hicho ni cha wenzao wa milimani. Kiskoti ni lugha ya bondeni, ya wakulima na wachimba makaa na wafumaji, nayo ni ndugu wa Kiingereza, si mtoto wake, na ukimwambia kuwa ni Kiingereza kilichovunjika unajitafutia kaburi. Fimbo haikutumika. Ulitumika mkanda wa ngozi nene, umechanwa mwishoni ukawa na ndimi mbili. Na ulikuwapo utaratibu. Unanyoosha mikono mbele, unaweka mmoja juu ya mwingine, viganja vinatazama juu, hivyo huwezi kukwepa. Ukichapwa wa juu, unabadilisha, wa chini unakuja juu. Na hushushi mikono mpaka mwalimu amemaliza. Ukiishusha kabla, anaanza upya.

"Nilikuwa na miaka mitano," alisema. "Nilikuwa na kiu. Niliomba maji kama nilivyoomba kwa mama."

Neno lenyewe ni *watter*. Unaweza kuona mwenyewe kwamba tofauti yake na la Kiingereza ni ndogo, haijai hata kijiko. Kwa ajili yake mtoto alichapwa mara sita, na maji hakupewa.

Alikuwa na hasira ya kusomea. Nyumbani kwake vitabu vilikuwa vimepangwa mpaka chooni. Usiku wa baridi, theluji nje imefika magotini, alinieleza mambo yale kama anamshitaki mtu mahakamani. Kwamba palikuwa na zama ambazo Kiskoti kilikuwa lugha ya mfalme, ya sheria, ya washairi wa ikulu. Kisha mfalme akarithi kiti cha London, akahama na waliomzunguka. Baadaye bunge nalo likaondoka. Biblia ilikuwa imeshaingia kila nyumba kwa Kiingereza. "Mungu alisema Kiingereza na mama alisema Kiskoti," aliniambia, "kwa hiyo nilijua mapema nani anakwenda motoni." Mabwana wakubwa wakaanza kununua vijitabu vyenye orodha ya maneno ya kwao wenyewe, wajifunze kuyakwepa mbele ya wageni. Kufika hapo alikuwa anapiga meza, na vikombe vinaruka.

Alichopenda kuliko vyote katika ushairi wa kale ni matusi. Washairi wawili walisimama mbele ya mfalme, wakatukanana kwa vina, mmoja baada ya mwingine, mpaka mmoja aishiwe. Nilimwambia hayo ni malumbano, sisi tunayo toka enzi, sema wetu hufichaficha kidogo. Uso wake ulibadilika. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo salamu yetu. Nikifungua mlango asubuhi na begi la spana, ananingoja na kikombe mkononi, ananimwagia Kiskoti kama maji ya moto, na mimi namjibu hapohapo:

*Kichwa chako kama nazi, ndani kimekosa tui,
umri wako wa kenge, na akili huna, huwi.*

Alicheka mpaka akashika ukuta. Jirani Mswidi wa ghorofa ya juu aliita polisi mara mbili. Polisi wakaja, wakamkuta mzungu mzee na Mwafrika mtu mzima wanatukanana huku wanakunywa chai, wakaondoka.

Maneno yake ya kupiga yalikuwa mengi kuliko ya kula. *Skelp* ni kofi. *Dunt* ni pigo zito la ngumi au la kiwiko. *Lounder* ni kumpiga mtu hadi ashindwe kunyanyuka. *Clype* si pigo, ni yule mtoto anayekwenda kumchongea mwenzake kwa mwalimu, na huyo alimchukia kuliko mwenye mkanda. Nilimuuliza mbona lugha yenu imejaa vipigo. Akasema, "Fundi, wewe ukikaa na nyundo miaka mia tatu juu ya kichwa, utaipa majina mangapi?"

Na Stockholm ilimtesa kwa namna ambayo mtu mwingine angeifurahia. Siku ya kwanza nyumbani kwa wakwe zake, mama mkwe alisema jambo kuhusu *barn*, yaani watoto. Kwao mtoto ni *bairn*. Akasikiliza vizuri. Nyumba hapa ni *hus*, kwao *hoose*. Kanisa *kyrka*, kwao *kirk*. Kulia *gråta*, kwao *greet*. Maneno aliyochapiwa, mji mzima unayasema, yameandikwa kwenye mabango ya serikali, na hakuna anayenyoosha mikono. Badala ya kufurahi alitoka nje, akaupiga ngumi ukuta wa nyumba ya wakwe mpaka kifundo kimoja cha kidole kikavunjika. Wakwe walidhani binti yao ameleta mlevi.

Sasa usije ukamfanya mtakatifu. Ule mkanda wa ndimi mbili ulikuwa umetundikwa sebuleni kwake, kwenye msumari. Mimi nilidhani ni ule aliochapiwa, ameuweka kama ukumbusho. Sivyo. Ulikuwa wake. Alipomaliza chuo cha ualimu aliununua, kama fundi anavyonunua spana yake ya kwanza, akasafiri nao mpaka Iringa. Kule alikuta kijana wa Kihehe, fundi seremala mtarajiwa, mikono mizuri mno kwa randa. Sheria ya darasa ilikuwa Kiingereza. Kijana akamsalimu mwenzake aliyechelewa kuingia, "Kamwene." Basi. Mwalimu akamwambia nyoosha mikono, akamfundisha utaratibu ule wa kwao, mmoja juu ya mwingine. Kijana hakuuzoea. Alishtuka, akakunja vidole, na Mwalimu akaona ni ukaidi, akaacha mkanda, akachukua rula ya chuma. Vidole viwili vilivunjika. Havikuunga sawa.

"Alirudi darasani?" nilimuuliza.

"Alirudi. Aliniamkia kila siku. Kwa Kiingereza."

Nilimwona akilia siku hiyo, na sikumhurumia. Nilimwambia wazi kwamba angekuwa ndugu yangu yule kijana, ningemfuata mpaka hapa. Akasema ndiyo, na hakuna aliyekuja, ndiyo maana mkanda uko ukutani.

Sasa nifike kwangu, maana nimezunguka vya kutosha.

Nina binti mmoja, Mwanaidi. Mama yake tulishaachana, yeye yuko Tensta. Mwanaidi alikuwa akikaa kwangu, na alikuwa mtoto wa Mwalimu kama alivyokuwa wangu, akitoka shule anapitia kwake, anamwita Babu. Mimi nilimsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiswidi. Kila siku. Alipofika miaka kumi na minne, jioni moja nilikuwa nimechoka, nikamuuliza kitu, akanijibu Kiswidi huku akitazama simu. Nikamwambia, "Jibu kwa Kiswahili." Akasema, kwa Kiswidi, kwamba Kiswahili changu hakimhusu. Nikampiga mdomoni. Kwa nguvu. Nilisikia meno yake kwenye vifundo vyangu, na mpaka leo nikiosha mikono nakumbuka.

Alikimbilia mlango wa pili, kwa Mwalimu. Hapa Uswidi mtoto hapigwi, ni sheria, na shule waliona mdomo umevimba. Watu wa ustawi wa jamii wakaja, wakaandika, Mwanaidi akahamia kwa mama yake. Nilitegemea Mwalimu anivunje. Hakunigusa. Alisimama mlangoni, akaniuliza jambo moja: "Na Kisambaa chako, fundi? Nani alikupiga mpaka kikakutoka?"

Kisambaa ndicho nilichonyonya kwa mama. Hakuna aliyenipiga. Nilikiacha Tanga, nikadhani nimekua.

Baada ya miezi, Mwanaidi alianza kuniandikia kwenye simu. Kwa Kiswahili. Kibovu, lakini Kiswahili. *Baba mimi nimepita mtihani.* *Baba wewe iko sawa?* Na mimi, kwa akili zangu hizi, nilimrudishia kila ujumbe umesahihishwa. "Husemi wewe iko, unasema uko." Nilijiona namsaidia. Hata nilijiona nimeshinda. Ujumbe wa tano ukaja, nikausahihisha, wa sita haukuja. Asubuhi baada ya ule wa tano nikakutana na Mwalimu kwenye ngazi, nikamwonyesha simu kwa majivuno. Nikasema, tazama, mtoto anajifunza, namsahihishia kila neno.

Ndipo ngumi ilipokuja. Kwa pigo nililompiga Mwanaidi mdomoni hakunipiga, kwa hili alinipiga, na jino likadondoka kwenye ngazi ya tatu.

Alinivuta kwake nikiwa bado natema damu. Alinikalisha jikoni, akanipa taulo na kipande cha barafu, akaleta kopo la biskuti lililopigwa na kutu. Ndani mlikuwa na barua. Mama yake alimwandikia alipokuwa Iringa, kwa Kiskoti, kama alivyosema, maana hakuwa na namna nyingine ya kuandika. Nilimsomea moja kwa sauti, yeye akinirekebisha matamshi. *It's hot whaur ye are. Mind and drink yer watter, son.* Yaani, huko uliko ni joto, usisahau kunywa maji, mwanangu. Kila barua ilikuwa imechorwachorwa kwa wino mwekundu. *Whaur* limekatwa. *Yer* limekatwa. *Watter* limekatwa, limezungushiwa duara. Chini kuna alama, nne juu ya kumi. Mwandiko mwekundu ulikuwa wa Mwalimu.

"Nilizisahihisha, nikamrudishia," alisema. "Kwa posta. Akaacha kuandika. Baadaye alinitumia kadi za dukani tu, zile zilizokwisha kuchapwa maneno, chini ametia jina lake. Nilizikuta hizi nilipokwenda kumzika. Alizitunza zote."

Nilimwandikia Mwanaidi siku hiyohiyo. Hakujibu. Nikaandika tena, mwezi, mwaka. Kwa mama yake nilikwenda, Mwanaidi akakataa kutoka chumbani. Kwa Mwalimu aliendelea kuja, nilimsikia kwenye ngazi, nilijua mwendo wake, nikawa nasimama nyuma ya mlango wangu kama mwizi mpaka ashuke. Miaka mitano. Mwalimu naye hakunibebea salamu hata moja. Alisema yeye si *clype*.

Majira ya baridi yaliyopita Mwalimu alipatwa na kiharusi, akapelekwa nyumba ya wazee Hallonbergen. Nilikwenda mara mbili, hakunijua. Kiswahili kilikuwa kimeondoka, Kiswidi kimeondoka, hata Kiingereza. Mara ya tatu niliahirisha, na nilijiambia ni kazi. Kisha simu ikalia, nikiwa juu ya lifti ya jengo moja la ofisi, na jina lililoandikwa lilinifanya nikae chini.

*Baba kuja leo. Babu yeye hakunywa maji siku mbili. Yeye nasema kitu na hakuna mtu najua.*

Niliacha lifti wazi. Nikapanda treni ya bluu ya Hallonbergen na mafuta mikononi.

Nilimkuta Mwanaidi dirishani. Amekuwa mwanamke. Hakunisalimu kwa mkono, alinionyesha kitanda. Mlezi wa zamu alinieleza kwamba mzee anaomba kitu, wakileta hatazami, dripu walimtundikia jana akaing'oa, na daktari atarudi mchana. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

Mwalimu akafungua macho, akasema wazi, "*Watter.*"

Mwanaidi akasogeza kikombe. Mzee hakukitazama. Aliinua mikono yote miwili, akainyoosha, akaweka mmoja juu ya mwingine, viganja juu. Akafumba macho, akabana kidevu. Akangoja. Mikono ile ilianza kutetemeka, ikatetemeka muda mrefu kuliko nilivyodhani mzee anaweza, mpaka ikaanguka yenyewe kwenye shuka. Akapumua. Kisha akasema tena, "*Watter*," na mikono ikapanda.

"Anataka nini, Baba?" Mwanaidi aliuliza kwa Kiswahili.

"Anangoja kuchapwa," nilimwambia. "Amesema neno lililokatazwa. Haruhusiwi kushusha mikono mpaka achapwe. Akishachapwa ndiyo atakunywa."

Alinitazama kama mtu ambaye hajasikia. Nikarudia kwa Kiswidi. Na katika kurudia nikaona njia iko moja. Nimguse tu, kidogo, kiganja juu ya kiganja, akili yake itulie, ashushe mikono, anywe. Nikasogea kitandani. Nikainua mkono.

Mwanaidi aliudaka hewani. Alinishika kwenye kifundo cha mkono, kucha zikaingia.

"Usipige."

"Ni kidogo tu, mwanangu. Ili anywe."

"Hakuna kidogo, Baba. Mimi najua."

Tulisimama hivyo, mzee katikati yetu amenyoosha mikono. Machozi yalinitoka, sikuyafuta. Mwanaidi akasema, "Sema yeye lugha yake. Wewe najua lugha yake."

Nikainama. Sikumbuki kuwa na woga kama ule hata siku kamba ya lifti ilipokatika. Nikasema, kwa ulimi wangu wa Tanga, "*Mind and drink yer watter, son.*"

Hakuna kitu. Mikono iko palepale.

Nikasema tena, polepole, kama alivyonifundisha jikoni nikiwa na barafu mdomoni. Macho yakafunguka. Hayakunitafuta mimi, yalitafuta mtu mwingine, mfupi kuliko mimi, upande wa mlango. Nadhani katika maisha yake yote ya shule hakuna aliyewahi kumjibu kwa lugha ile. Mkono wa juu ukashuka. Wa chini ukafuata. Mwanaidi akaweka kikombe mdomoni, mzee akanywa, maji yakamwagika kidevuni, akanywa tena. Alikunywa vikombe vitatu, huku analia kama mtoto.

Alipolala tulikaa kwenye viti viwili. Mwanaidi alikuwa bado ameshika mkono wangu, sijui kama alijua. Akaniomba nimwandikie yale maneno, asije akayasahau nikiwa sipo. Nikamwandikia kwenye simu, kama mama yake Mwalimu alivyoyaandika, bila kukata kitu. Akasoma. Akaandika muda mrefu, anafuta, anaandika. Simu yangu ikatetemeka mfukoni, naye yuko hapohapo begani kwangu.

*Asante Baba. Mimi nilikuwa ogopa wewe.*

Nilisoma mara mbili. Nikaandika, *Najua, mwanangu. Nilikukosea. Nisamehe.* Nikatuma.